Madini ya Risasi Kwenye Mtutu wa Kabaini ya 9 mm: Kuyatambua, Kuyatoa na Kuyazuia

Ukichungulia mtutu wa kabaini baada ya kupiga risasi za utando wa rangi, utakuta michirizi myeusi na ya kijivu, na wengi wetu papo hapo hukimbilia brashi. Naomba uiweke brashi chini kwanza. Sehemu kubwa ya uchafu unaosingiziwa madini ya risasi kwenye bunduki hizi ni masizi ya baruti na mabaki ya utando ulioungua. Na pale madini yaliponata kweli, mahali yaliponata ndipo panapokuonyesha kosa liko wapi. Ukisugua kabla ya kutazama umefuta ushahidi, na boksi linalofuata litakurudisha palepale.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye cheti halali cha silaha, anayelenga shabaha kwa kabaini, yaani bunduki fupi ya begani inayokula risasi za bastola, na hapa nazungumzia 9 mm Parabellum. Nimeuandika nikiwawazia walengaji wa Nakuru, Njoro na Kisumu, kwa sababu vumbi la upande mmoja na unyevu wa upande mwingine vina mchango wake, kama utakavyoona. Kujaza risasi mwenyewe sitakugusia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, hivyo kazi yetu ni kuchagua risasi za dukani, kuzichunguza, na kuutunza mtutu.

Kwa nini kabaini na si bastola

Kichwa cha risasi ya utando ni aloi laini: madini ya risasi yaliyotiwa antimoni na bati kidogo. Mchanganyiko unaotumiwa sana viwandani ni asilimia 92 ya madini ya risasi, 6 ya antimoni na 2 ya bati. Ugumu wake ni kama 15 kwa kipimo cha Brinell, ilhali madini ya risasi matupu ni kama 5 tu. Juu ya aloi hupakwa polima, kisha huokwa kwenye tanuri hadi ishike. Utando huo ndio unaoitenga aloi na chuma cha mtutu. Umechukua nafasi ya koti la shaba la risasi za kawaida na ya nta iliyopakwa risasi za zamani. Syntech ya Federal ni mfano wa risasi kamili ya kiwandani ya aina hii, na Hi-Tek ni jina la utando mmoja unaojulikana sana.

Utando ukibaki mzima, mtutu haupati madini. Ukichanika, aloi inasuguana na chuma kwa kasi ya mita 300 hadi 400 kwa sekunde huku gesi ya moto ikiisukuma kutoka nyuma. Madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za selsiasi lazima yaache kitu njiani.

Kwenye bastola safari hiyo ni ya sentimita 10 hadi 13. Kwenye kabaini nyingi mtutu ni inchi 16, yaani karibu sentimita 41. Kosa dogo ambalo bastola hulivumilia mwaka mzima, kabaini hulianika kwa siku moja. Ndiyo maana mtu hushangaa: boksi ni lilelile, bastola ni safi, kabaini imechafuka. Risasi haina hila. Imepewa tu safari ndefu zaidi ya kuumbuka.

Jambo la pili ni mfumo. Kabaini nyingi za 9 mm zina bolti nzito (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) isiyofungwa kwa kufuli, na uzito wake pamoja na springi ndivyo pekee vinavyoizuia kurudi mapema. Hili nitalirudia tukifika kwenye chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kwa sababu pale ndipo penye hatari.

Hatua ya kwanza: tazama

Toa magazini. Vuta bolti nyuma, ifungie hapo, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uthibitishe kuwa ni tupu. Risasi zote ziende chumba kingine kabla hujafungua chupa yoyote ya dawa. Vaa glavu za nitrili, tandika magazeti, fungua dirisha. Usifanyie kazi hii jikoni wala juu ya meza ya kulia, na watoto wasiwepo.

Pitisha kitambaa kikavu. Kisha pitisha kingine chenye dawa ya kawaida ya kusafishia baruti, acha robo saa, na uendelee na vitambaa safi mpaka vitoke bila weusi. Sasa ndipo uangalie ndani. Tochi ndogo iliyowekwa upande wa chemba inatosha kwa sehemu kubwa, lakini kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, ile ambayo mafundi wa magari huchungulia nayo ndani ya silinda, hukuonyesha hata pembe ya mfereji, yaani mikato iliyochongwa ndani ya mtutu ili izungushe risasi; kilichosimama kati ya mfereji na mfereji ndicho tuta. Kwa maoni yangu ina faida kuliko chupa tatu za dawa ghali.

Masizi ni meusi, hayang'ai, na huwa yameshaondoka kufikia hapa. Mabaki ya utando huonekana kama mistari myembamba ya rangi ya risasi yenyewe au ya kahawia, hasa mwanzoni mwa mtutu, na kitambaa chenye asetoni kidogo huilainisha. Angalia tu asetoni isiguse kitako cha plastiki wala rangi ya bunduki. Utando mwembamba uliotulia hivyo hauna madhara, na mitutu mingi hupiga vizuri ukiwa humo. Madini ya risasi yana sura nyingine kabisa: kijivu cha kung'aa, yamelala kama mistari au unyoya, mara nyingi kwenye pembe ambapo tuta hukutana na mfereji. Ufito wa kusafishia ukipita hapo unauhisi ukishikwa, kisha unaachiwa. Kitambaa kikitoka na vijipande vyembamba vya rangi ya fedha, huna tena haja ya kubishana.

Ikiwa ulichokuta ni masizi na utando tu, paka mafuta mepesi na uishie hapo. Kusugua mtutu usiohitaji kusuguliwa huuchakaza bure.

Hatua ya pili: soma mahali yaliponata

Hapa ndipo ningependa utumie muda mrefu zaidi. Piga picha kwa kamera ya waya, au chora mtutu kwenye karatasi na utie alama.

Madini yaliyojaa sentimita chache za kwanza baada ya chemba, huku sehemu ya mbele ikiwa safi, mara nyingi yanasema kwamba kichwa cha risasi ni chembamba kuliko mtutu. Gesi inapenya pembeni, inaunguza utando na kulamba aloi. Vichwa vya koti la shaba vya 9 mm vina kipenyo cha inchi 0.355, yaani milimita 9.02. Vya utando kwa kawaida ni inchi 0.356, yaani milimita 9.04. Mitutu nayo hutofautiana, na kuna ya 9 mm ambayo ukipima kwenye mifereji utakuta imepita 0.356. Mwambie fundi wa silaha mwenye leseni asukume kipande cha madini laini ndani ya mtutu, kisha akipime kwa maikromita. Kichwa cha risasi kinatakiwa kukizidi kipimo hicho kwa kama sehemu moja ya elfu ya inchi. Ukilijua hilo umejibu nusu ya maswali yote ya mbele. Kama vipimo vinaafikiana na bado madini yanajaa hapo, shuku koo la mtutu lenyewe, pale mbele tu ya chemba mifereji inapoanzia: kwenye mtutu mpya, alama za chombo kilichokata koo huweza kukwangua utando kabla risasi haijaanza kuzunguka.

Madini yaliyo mdomoni, huku nyuma pakiwa safi, yana habari tofauti. Risasi ilianza vizuri, utando ukaisha kabla ya safari. Hapo jaribu risasi nzito iendayo polepole. Kichwa chepesi cha greni 115, kama gramu 7.5, hupata kasi kubwa zaidi kwenye mtutu mrefu. Cha greni 147, kama gramu 9.5, huondoka taratibu zaidi na kwa kawaida huutesa utando kidogo. Uwezekano mwingine ni kwamba mtutu una mikwaruzo sehemu ya mbele au umepanuka huko.

Madini yaliyoshika upande mmoja tu wa kila tuta yanaonyesha kuwa risasi iliteleza kabla ya kukamata mzunguko: aloi ni laini mno kwa kasi hiyo. Na kama yametapakaa mtutu mzima tangu risasi za mwanzo, uliza ulipiga nini kabla. Mtutu uliobeba shaba ya risasi za koti hushika madini ya risasi kwa urahisi. Shaba ina dawa yake yenye amonia, ambayo haifanyi lolote kwa madini ya risasi, na kwa hiyo mtu hutumia dawa hiyo wiki nzima kwa ugonjwa usio wake. Iondoe shaba kwanza, yote, kabla hujahamia risasi za utando.

Kuna ushahidi mwingine ambao watu huuacha kwenye tuta la udongo la uwanja wa shabaha. Mwombe msimamizi ruhusa, uwanja ukiwa umefungwa, uokote vichwa vyako vilivyoingia kwenye mchanga mkavu. Tazama alama zilizochongwa na mtutu. Kama rangi bado imefunika ndani ya alama hizo, utando ulifanya kazi. Kama unaona madini matupu yaking'aa, umechanika. Kama kuna michirizi ya masizi inayotoka kitakoni kuelekea puani, gesi ilipita kando na tatizo ni kipenyo. Jibu hilo ni bora kuliko mabishano yote ya walengaji, na ni la bure.

Hatua ya tatu: kuyatoa

Dawa za kawaida za mtutu haziyeyushi madini ya risasi kwa kiwango cha maana. Hutolewa kwa nguvu ya mkono, kwa metali ngumu kuliko madini lakini laini kuliko chuma, na metali hiyo ni shaba.

Tafuta sufi ya waya wa shaba halisi, ile ya kusugulia vyombo. Maneno ya kwenye karatasi yake usiyaamini. Zile nyingi za dukani ni waya wa chuma uliopakwa rangi ya shaba, na chuma kitaukwaruza mtutu milele. Beba sumaku ndogo, hata ya spika mbovu ya redio. Ikivutwa na sumaku, irudishe kwenye rafu.

Pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya kupenya na uache kwa saa moja, au usiku kucha ikiwa madini ni mengi. Kata nyuzi chache za shaba, zifunge kwenye brashi ya zamani ya 9 mm iliyochakaa, ziwe za kutosha kuingia kwa kusukuma kidogo. Zikilazimishwa kwa nyundo umezidisha. Sukuma kutoka upande wa chemba kama bunduki yako inafunguka hivyo. Kabaini kama Ruger PC hutoa mtutu wote, na hilo ni raha. Ambazo hazifunguki nyuma, ingia kupitia mdomoni kwa kifaa cha kuongozea ufito, kwa sababu ufito unaokwaruza mdomo wa mtutu huharibu ulengaji kuliko madini yenyewe. Pita mara kumi hivi, mwendo mrefu, mtutu wote, usigeuze brashi katikati. Futa. Tazama. Rudia. Vijipande vya fedha vitatoka vingi mwanzoni, kisha vichache, kisha visitoke.

Kompensata, kile kipande cha mdomoni kinachopunguza bunduki kuruka, ifunguliwe na kusafishwa peke yake: iloweke kwenye mafuta, kisha ukwangue kwa kipande cha shaba kilichochongwa. Hujaa haraka, na uchafu ukikua hadi kugusa njia ya risasi utaona shimo kwenye shabaha likiwa refu badala ya duara.

Sasa chemba. Ganda la 9 mm huketi kwa mdomo wake, na kuna ukingo mdogo mbele ya chemba unaolizuia. Utando na madini yanayokwanguliwa wakati risasi inaingia hukusanyika hapo hapo na kufanya pete. Pete hiyo ikikua, ganda haliingii lote. Kwenye bunduki ya bolti isiyofungwa, risasi inaweza kulipuka ganda likiwa halijashikiliwa vizuri, na hapo ganda hupasuka karibu na uso wako. Tumia brashi ya chemba iliyo pana kidogo kuliko ya mtutu, izungushe upande mmoja huku ukiisukuma mpaka ukingoni, futa, na uangalie kwa tochi mpaka uone kona kali ya chuma pande zote. Ukiona bolti ya bunduki yako inakataa kufunga nusu milimita ya mwisho, usiisukume kwa kiganja. Simama, ondoa risasi, safisha. Mwenye bunduki za jamii ya MP5 aongeze umakini: chemba zake zina mifereji midogo ya gesi, na mabaki ya utando hupenda kuingia humo.

Ukimaliza, futa kavu, paka mafuta mepesi. Kisumu, kwa unyevu wa ziwa, chuma kilichosuguliwa hakitakiwi kulala usiku mmoja bila mafuta. Na kabla ya kupiga tena, pitisha kitambaa kikavu uyatoe mafuta hayo.

Njia ambazo sitaki uzijaribu

Zebaki hushikana na madini ya risasi na kuyatoa, na mafundi wa zamani waliitumia. Nalisema hili wazi kwa sababu upande wetu wa magharibi zebaki iko karibu: wachimba dhahabu wa Migori na Kakamega huitumia kukusanya dhahabu, na mtu anaweza kupewa kichupa kwa bei ndogo. Mvuke wake hauna harufu, huingia kwenye mapafu na kuharibu ubongo na figo. Hakuna mtutu unaostahili bei hiyo.

Mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi nao huyatoa madini, tena upesi, na ndio unaovutia wengi. Unayageuza kuwa chumvi inayoyeyuka majini, yaani sumu ileile katika umbo linaloingia mwilini kwa urahisi zaidi. Ukiusahau kwa dakika chache hula chuma pia.

Usipige risasi za koti la shaba ukitumaini zitasukuma madini nje. Huyakandamiza kwenye mifereji, na katika mtutu uliobanwa hivyo msukumo wa gesi hupanda.

Mikono, nguo na takataka

Wakenya tumeona madini haya yanavyofanya. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Shirika la Afya Duniani halijui kiwango chochote kilicho salama mwilini. Tena kwenye ulengaji hatari kubwa ya kupumua hutoka kwenye kiwashio cha kitakoni mwa risasi, ambacho mara nyingi kina kemikali iitwayo styfineti ya madini ya risasi, hivyo utando wa kichwa haukulindi na moshi. Uwanja wa ndani bila hewa nzuri ni mbaya kuliko wa nje.

Nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Nguo za kulengea zifuliwe peke yake, na viatu visiingie sebuleni ambako mtoto anatambaa. Mlengaji wa mara kwa mara, na hasa mama mjamzito au anayetarajia kushika mimba, amwombe daktari kipimo cha damu.

Vitambaa, nyuzi za shaba na glavu viweke ndani ya kopo la rangi lenye kifuniko, liandikwe, likae mbali na watoto, na likijaa ulizia kampuni yenye leseni ya taka za sumu. Usivichome, usivitupe chooni wala kwenye mtaro. Maji ya mvua ya mji wa Nakuru huteremka Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo kinabaki humo, pamoja na flamingo.

Boksi jipya

Kabla ya kununua nyingi, nunua boksi moja. Chukua kitambaa kilicholowa asetoni kidogo sana na ufute pua ya risasi moja tu, asetoni isifike kwenye mdomo wa ganda. Kitambaa kikitoka na rangi nyingi, utando haukuokwa vya kutosha na boksi hilo halifai kwa mtutu mrefu. Tazama pia pale kichwa kinapoingia kwenye ganda: pete ya madini yaliyokwanguliwa hapo inaonekana kwa macho.

Risasi iliyoanguka isirudi kwenye magazini kabla ya kufutwa. Vumbi la Bonde la Ufa ni jivu la volkeno, na kuelekea Elementaita, pale Kariandusi, ardhi yenyewe huchimbwa diatomiti, udongo mweupe wenye chembe za silika. Chembe hizo hujichomeka kwenye utando laini na kuukwaruza mtutu tangu mwanzo hadi mdomoni. Mlengaji anayefuta magazini yake kila baada ya zamu ana madini machache kuliko yule mwenye dawa bora.

Anza na mtutu safi na mkavu. Piga kumi, ondoa risasi, tazama. Piga arobaini zaidi, tazama tena, na uangalie kama mashimo ya mita 50 yamebaki karibukaribu. Madini yakionekana baada ya kumi, hiyo si risasi ya bunduki yako, hata kama mwenzako anaisifu kwenye yake. Yakionekana kidogo baada ya hamsini na yakabaki hivyo baada ya mia, unaweza kuishi nayo kwa kusafisha kila siku ya mazoezi. Na kama aina tatu za vichwa vyenye kipenyo sahihi zote zinaacha madini mahali palepale kwenye koo, acha kununua risasi. Mpelekee fundi mwenye leseni picha zako na cheti chako, na umwombe alilainishe koo la mtutu.